Nani Alisema ECC ni ya Seva Tu?

Ingia duka lolote la kompyuta Kariakoo au Luthuli Avenue, useme unatafuta RAM ya kompyuta ya mezani. Utaulizwa maswali mawili: GB ngapi, na DDR ya ngapi. Muuzaji makini zaidi ataongeza la tatu, la kasi. Sasa mwambie unataka yenye ECC. Jibu liko mdomoni tayari, na utalisikia hilo hilo kwa muuzaji, kwa fundi, kwa mwalimu wa chuo na kwa kijana anayejiundia mashine ya gemu: "Hiyo ni ya seva. Wewe ya nini?"

Jibu hilo limerudiwa mpaka watu wanalichukua kama kanuni ya uhandisi. Si kanuni ya uhandisi. Ni uamuzi wa kibiashara uliofanywa mbali na sisi, ukaongezewa mkanganyiko wa sokoni kwetu, na tumeulipia kwa muda mrefu bila kujua tunacholipia. Nasema hivi: kompyuta ya mezani inayobeba hesabu za watu, kumbukumbu za wagonjwa, alama za wanafunzi au picha ambazo haziwezi kupigwa tena, inastahili RAM inayoweza kugundua na kusahihisha makosa yake. Mnunuzi akishapata GB zinazomtosha, fedha inayofuata iende huko. Isiende kwenye kasi, wala kwenye GB ambazo hatazijaza, wala kwenye taa za rangi ndani ya kasha.

Tuanze na kinachozungumzwa. RAM huhifadhi kila biti kama chaji ndogo sana ya umeme. Chaji hiyo huvuja, kwa hiyo mashine huijaza upya angalau kila baada ya milisekunde 64, zaidi ya mara 15 kwa sekunde, muda wote kompyuta inapowaka. Moduli ya GB 16 ina biti zaidi ya bilioni 137 za namna hiyo. Katika moduli ya kawaida biti 64 husafiri kwa pamoja kwenda kwa prosesa, na hakuna anayezikagua. Ikigeuka moja, 0 ikawa 1, prosesa huipokea kama ilivyo na kazi inaendelea.

ECC huongeza biti nane za ukaguzi juu ya kila 64, zikawa 72. Hizo nane hukokotolewa kwa namna ambayo biti moja ikigeuka, kidhibiti cha kumbukumbu hujua ni ipi na kuirudisha papo hapo. Zikigeuka mbili, hakiwezi kuzirudisha, lakini kinajua kwamba data imeharibika na hupiga kelele badala ya kuipitisha. Msingi wa hesabu hii ulichapishwa na Richard Hamming wa Bell Labs mwaka 1950. Hamming alikuwa akiiachia mashine kazi zake mwishoni mwa wiki. Mashine ikigundua kosa iliitupa kazi nzima, na Jumatatu hakuwa na matokeo. Swali lake lilikuwa rahisi: mashine inayoweza kujua kwamba pana kosa inashindwaje kujua liko wapi? Hakuuliza kwa niaba ya seva. Aliuliza kwa niaba ya mtu mmoja mwenye kazi yake na mashine iliyomwangusha.

Hata kompyuta ya mezani ilizaliwa na ulinzi. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na chipu tisa kwa kila safu ya kumbukumbu: nane za data, moja ya pariti. Pariti haisahihishi kitu, ila hugundua. Biti ikigeuka, mashine ile ilisimama na kuonyesha kosa. Ilikuwa mashine ya mhasibu na karani, na walioibuni hawakuona ajabu yoyote kumlinda karani. Chipu ya tisa iliondolewa katikati ya miaka ya 1990, RAM ikiwa ghali na watengenezaji wakishindana kushusha bei. Chipseti ya Intel 430FX ya mwaka 1995, iliyoenea kwenye mashine nyingi za Pentium, haikuwa na uwezo wa pariti kabisa. Hakuna aliyethibitisha kwamba kumbukumbu zimeacha kukosea. Walichothibitisha ni kwamba mnunuzi haulizi.

Kisha ukaja mgawanyo wa soko. Kwa miaka mingi Intel iliacha ECC katika familia ya Xeon na kuizima katika Core i5 na i7 za kawaida za mezani. Lakini baadhi ya Core i3, prosesa za bei ya chini, ziliruhusiwa kuitumia zikifungwa kwenye mazabodi za seva ndogo. Lipime hilo. Prosesa ya bei rahisi inaweza, ya bei ghali ya familia ile ile haiwezi. Hiyo haina maelezo ya kiufundi. Maelezo yake ni kwamba mwenye i3 hakuhesabiwa kuwa mteja anayeweza kununua Xeon, ilhali mwenye i7 alihesabiwa, na ilitakiwa asukumwe huko. Januari 2021 Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, aliishambulia Intel hadharani kwa sera hiyo na kusema imeua soko la ECC kwa watumiaji wa kawaida. Kuanzia kizazi cha 12 Intel ilifungua mlango kwa i5, i7 na i9, lakini kwa sharti la kununua mazabodi yenye chipseti ya W680, ambayo ukiitafuta madukani kwetu utachoka. AMD haikuifunga njia hiyo kwenye Ryzen nyingi za mezani tangu mwaka 2017, ila iliacha kila mtengenezaji wa mazabodi aamue kama ataiunga mkono.

Huo ndio upande wa viwandani. Wa mtaani una sababu yake, na nadhani ndio ulioimarisha msemo huu kwetu kuliko kitu kingine chochote. Kuna RAM za seva zinazong'olewa kwenye mitambo iliyostaafu na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Nyingi ni za aina yenye rejista, chipu ya ziada inayosimama kati ya kidhibiti na chipu za kumbukumbu ili seva ibebe moduli nyingi. Zina ECC pia. Kijana anaziona, bei inamvutia, anachukua mbili. Kama ni DDR4, zinaingia kwenye sloti vizuri kabisa, na kompyuta haiwaki. Anarudi dukani, anaambiwa, "Si nilikwambia, ECC ni ya seva." Kumbe kilichoizuia mashine kuwaka ni rejista. ECC haikuhusika. Zipo moduli za ECC zisizo na rejista, zilizotengenezwa kwa ajili ya kompyuta za mezani na seva ndogo, na hizo ndizo ninazozungumzia. Makosa ya rejista yamebebeshwa ECC, na kila mnunuzi aliyechomwa mara moja akawa shahidi wa uongo bila kukusudia.

Sasa hoja kubwa ya upande wa pili: makosa ya RAM ni nadra mno, kwa nini mtu wa kawaida ajisumbue?

Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto, pamoja na Eduardo Pinheiro na Wolf-Dietrich Weber wa Google, walichapisha matokeo ya kufuatilia mashine za Google kwa takriban miaka miwili na nusu. Kila mwaka zaidi ya asilimia 8 ya moduli zilipata kosa. Karibu theluthi ya mashine zilipata angalau kosa moja lililosahihishwa katika mwaka. Asilimia 1.3 zilipata kosa lisilosahihishika. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba makosa hutoka zaidi angani, chembe zinazopita na kugusa chipu kwa bahati mbaya. Watafiti hawa walikuta kwamba sehemu kubwa ilitokana na moduli zenyewe kuwa na hitilafu ya kudumu, inayojirudia mahali pale pale.

Mpinzani makini atanijibu kwamba makosa hayo yalirundikana kwenye moduli chache, na kwamba asilimia 92 zilikuwa safi. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yake inapomgeuka. Kama makosa yangegawanyika sawa kwa kila moduli, kila mmoja wetu angekuwa na hatari ndogo inayovumilika. Kwa kuwa yanarundikana, wachache wana moduli inayoharibu data yao tena na tena, na bila ECC hawana namna ya kujua kwamba ni wao. Hiyo asilimia 92 nayo haijui kwamba ni salama. Wote wanaishi kwa kudhani.

Atasema pia kwamba hizo zilikuwa seva. Chipu za kumbukumbu ni zile zile, zinatoka viwanda vile vile. Tofauti ni kwamba seva huandika makosa yake kwenye kumbukumbu ya matukio, na kompyuta ya ofisini kwako haina cha kuandika nacho. Tumehitimisha kwamba seva ndizo zinazokosea kwa sababu ndizo pekee zinazokiri.

Aliyebaki na shaka atazame kazi ya Edmund Nightingale na wenzake wa Microsoft, iliyochapishwa mwaka 2011. Walichambua taarifa za hitilafu kutoka kompyuta zipatazo milioni moja za watumiaji wa kawaida, si za vituo vya data. Kwa kuwa mashine hizo hazikuwa na ECC, waliweza kuona makosa ya RAM katika sehemu ndogo tu, ile iliyobeba msimbo wa kiini cha mfumo endeshi. Hata katika upenyo huo mdogo waliyaona, na mashine iliyokosea mara moja ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukosea tena, mara nyingi pale pale.

Kuna matokeo mengine ya ule utafiti wa Google yanayotuhusu sisi kuliko wanunuzi wa mashine mpya: makosa huongezeka kadiri moduli inavyozeeka, na ongezeko lilianza kuonekana kati ya mwezi wa 10 na wa 18 wa matumizi. Sisi tunanunua nini? Kompyuta nyingi za mezani katika maofisi yetu, maduka ya dawa, shule na studio ni za mtumba. Zimetumika miaka mitatu au minne au zaidi katika ofisi za Ulaya, Marekani au Ghuba, zikauzwa kwa jumla, zikapita Dubai, zikatufikia. RAM imo humo humo, au imeng'olewa kwenye mashine nyingine na kuongezwa ili tangazo lisomeke "16GB". Wanaonunua moduli mpya wana angalau miezi kumi ya kwanza ya utulivu. Sisi tunaanzia pale ambapo wao wanaanza kupata shida, kisha tunaambiwa ulinzi ni anasa.

Kuhusu chembe za angani niseme kidogo, maana zinapenda kutajwa kama kichekesho. Mwaka 1978 Timothy May na Murray Woods wa Intel walionyesha kwamba biti zilikuwa zinageuzwa na mionzi hafifu iliyotoka kwenye vifungashio vya chipu zenyewe. Baadaye IBM ilipima athari za chembe za angani na kuona zinavyozidi mashine ikipelekwa mlimani. Mwinuko huongeza, na kuwa karibu na ikweta hupunguza kwa kuwa huko usumaku wa dunia hukinga zaidi, lakini kwa mwinuko wake mashine ya Nairobi bado inapokea nyingi kuliko ya Mombasa. Ni jambo la kweli. Lakini si msingi wa hoja yangu, na anayedhani kwamba kutetea ECC ni kuogopa nyota amechagua kupigana na hoja iliyo nyepesi. Hofu yangu ni moduli iliyochoka, migusano yenye kutu na pawa saplai isiyotulia.

Kosa la RAM likitokea linafanya nini? Watu hufikiri kompyuta itazima au itatoa skrini ya buluu. Ikifanya hivyo una bahati. Chukua salio la shilingi 50,000 katika hesabu za kikundi cha akiba. Likihifadhiwa kama namba ya kawaida, biti moja yenye thamani ya 65,536 ikigeuka kuwa 1, salio linasomeka 115,536. Ikigeuka ile ya 32,768 kuwa 0, mwanachama amebakiwa na 17,232. Hakuna skrini ya buluu. Faili linahifadhiwa, nakala rudufu inachukuliwa jioni, na kosa linaingia kwenye nakala rudufu likiwa na tarehe sahihi na jina sahihi. Wiki tatu baadaye mweka hazina anaitwa kwenye kikao kujieleza. Anaulizwa fedha za watu zimekwenda wapi, na hakuna mtu katika chumba kile atakayesema labda ni RAM.

Huo si mfano wa kutunga hewani. Tarehe 18 Mei 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji uliotumia mashine, mgombea mmoja huko Schaerbeek, Brussels, alihesabiwa kura 4,096 zaidi ya alizopata. Namba 4,096 ni thamani kamili ya biti ya 13. Wataalamu walipitia programu, wakajaribu mashine tena na tena, hawakuliona kosa likijirudia, na maelezo waliyobaki nayo ni kwamba biti moja ilijigeuza. Lilinaswa kwa sababu moja tu: jumla ilizidi kile kilichowezekana kihesabu. Ingegeuka biti ndogo zaidi, kura 64 kwa mfano, nani angeshtuka?

Sisi tunaitaka mizani ya muuza nyanya ikaguliwe na Wakala wa Vipimo na kupigwa muhuri, kwa sababu hatukubali gramu mia ziibwe kwenye kilo. Kompyuta inayojumlisha mauzo ya soko zima tunaiacha bila mkaguzi.

Na gharama kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, hata si data iliyoharibika. Ni kutojua. Kila fundi anaijua mashine ya namna hii. Inakwama bila mpangilio. Inakataa kufungua faili moja leo na jingine kesho. Fundi anapiga Windows upya, inatulia siku kadhaa, inarudi. Anabadilisha diski. Inarudi. Anabadilisha pawa saplai. Mwisho anang'oa RAM, anasugua migusano kwa ufutio, anairudisha, na wakati mwingine inapona, jambo ambalo peke yake linatosha kuonyesha tatizo lilikuwa wapi tangu mwanzo. Kila hatua mteja amelipa, na kila Windows mpya imefuta kitu ambacho hakikuwa na nakala. Simlaumu fundi. Anafanya kazi gizani, kwa sababu tumemnunulia mashine ambayo haiwezi kumwambia inaumwa wapi.

Mashine yenye ECC humwambia. Windows huandika kosa la kumbukumbu kwenye orodha ya matukio, chini ya WHEA. Linux hufanya hivyo kupitia EDAC, na mara nyingi hutaja hata sloti. Fundi anafungua, anasoma, anang'oa moduli husika, kazi imekwisha. Mtu aliyenunua ECC akifikiri amenunua usahihishaji peke yake hajajua nusu ya alichopata. Biti inayorudishwa mahali pake ni jambo jema, lakini maandishi yanayosema kwamba imerudishwa mara kumi na mbili tangu Jumatatu, kwenye sloti ya pili, ndiyo yanayookoa mashine, ofisi na jina la mweka hazina.

Torvalds mwenyewe alionja hili. Oktoba 2022, katikati ya kipindi cha kukusanya mabadiliko ya Linux 6.1, kompyuta yake ya mezani ilianza kuharibu kazi. Moduli moja ilikuwa imekufa, na mashine ile ilikuwa na RAM ya kawaida kwa kuwa alipoiunda ECC aliyoitaka haikupatikana. Kabla ya kugundua hilo alipoteza muda akishuku programu. Ikiwa mtu anayeijua Linux kuliko karibu kila mtu duniani alidanganywa na RAM yake, mwalimu wa sekondari anayetunza matokeo ya kidato cha nne atajitetea kwa lipi?

Wapo wanaosema: ipime kwa programu ya MemTest86 ukishainunua, inatosha. Ipime, naunga mkono kwa nguvu zote, na ningetaka kila duka lifanye hivyo usiku kucha kabla ya kuuza moduli ya mtumba. Lakini kipimo kinakwambia hali ya RAM ya usiku ule. Hakikwambii ya mwezi wa tano, mashine ikiwa imejaa kazi na umeme ukiyumba.

Wengine wana hoja mpya: nunua DDR5, hiyo ina ECC tayari. Hili linauzwa kwa ujasiri mkubwa na linapotosha. Kiwango cha DDR5, kilichotangazwa na JEDEC, shirika la viwango vya kumbukumbu, Julai 2020, kinaweka usahihishaji ndani ya chipu kwa sababu vijisehemu vimekuwa vidogo na vimesongamana kiasi kwamba bila hivyo watengenezaji wangetupa chipu nyingi mno. Usahihishaji huo unaishia mlangoni mwa chipu. Njia nzima kutoka kwenye chipu, kupitia migusano ya sloti na nyaya za mazabodi hadi kwenye prosesa, iko wazi kama zamani. Na kinachotokea ndani hakiripotiwi kwa mfumo endeshi. Fundi bado yuko gizani. DDR5 yenye ECC kamili ipo, ni moduli tofauti zenye chipu za ziada, na muuzaji asiyetofautisha hizo mbili asiachiwe kumshauri mtu.

Kwamba ECC hupunguza kasi? Kidogo, asilimia chache tu, na katika kuandika barua, kuendesha programu ya hesabu au kuhariri picha huwezi kuihisi. Tofauti kubwa inayoonekana kwenye vipimo inatokana na kitu kingine: moduli za ECC huuzwa kwa kasi za kiwango cha JEDEC, DDR4-3200 kwa volti 1.2, ilhali zile za gemu huendeshwa kwa mpangilio wa XMP, mara nyingi kwa volti 1.35, ili zifike 3600 na kuendelea. Intel yenyewe huihesabu XMP kuwa ni kuivusha mashine kasi iliyoidhinishwa. Utafiti wa Microsoft niliousema ulikuta kwamba mashine zilizovushwa kasi huanguka mara nyingi zaidi. Tumefikia mahali ambapo mteja wa duka la dawa anauziwa RAM ya kuvusha kasi, yenye bati la kupendeza na taa, kwa hoja kwamba ndiyo "kali", na anakatazwa ile inayosahihisha makosa yake. Kama unacheza gemu na hakuna kingine cha maana kwenye mashine yako, chukua hiyo ya taa, biti ikigeuka utapoteza raundi. Sina ugomvi na wewe. Ugomvi wangu ni na ushauri wa mchezaji kugeuzwa kuwa ushauri wa zahanati.

Bei ndiyo hoja pekee ya upinzani yenye uzito, na siidharau. Kihesabu, chipu tisa badala ya nane ni nyongeza ya asilimia 12.5 ya malighafi. Dukani tofauti huwa kubwa kuliko hiyo, kwa sababu bidhaa isiyoulizwa haiagizwi kwa wingi. Lakini hapa mtumba, ambao ndio uliotuletea moduli zilizochoka, unatupa njia pia. Pamoja na Dell OptiPlex za ofisini huja mashine za kazi nzito, HP za familia ya Z na Dell Precision, nyingi zikiwa na Xeon na RAM ya ECC ndani yake tangu kiwandani. Madukani huonekana zimepitwa na wakati kwa sababu tangazo la i7 linavutia zaidi kuliko la Xeon. Nimeona zikivuliwa RAM yao ya ECC na kuwekewa ya kawaida "ili mteja asipate shida". Kwa mtu anayetunza data ya wengine hiyo ndiyo mashine ya kutafuta, na mara nyingi pengo lake la bei na OptiPlex yenye GB zile zile si la kutisha.

Ukiifuata, usitegemee mdomo wa mtu. Soma karatasi iliyo kwenye moduli. Kwenye DDR4, baada ya PC4, kasi na kistari kinachofuata huja herufi inayokupa jibu: U ni ya kawaida isiyo na ECC, E ni ya ECC isiyo na rejista, R ni ya rejista. DDR3 ina herufi hizo hizo mwishoni mwa namba, kwa mfano PC3-12800E. Karatasi ikiwa imebanduliwa, hesabu chipu kubwa nyeusi: nane au kumi na sita ni ya kawaida, tisa au kumi na nane ni ya ECC. Kisha hakikisha mashine yako inakula E au R, kwa kuwa katika familia ya Z na Precision zipo zinazotaka hii na zipo zinazotaka ile, na huwezi kuzichanganya. Kwa anayeunda mashine mpya kwa Ryzen, fungua orodha ya mtengenezaji wa mazabodi uone kama ECC imetajwa kwamba inafanya kazi. Maneno "inakubali moduli za ECC" peke yake hayatoshi, kwani zipo mazabodi zinazoziwasha moduli hizo huku ukaguzi ukiwa umezimwa. Jihadhari na Ryzen za soketi ya AM4 zenye michoro ya ndani: humo ni zile za PRO tu zinazoitumia.

Walio na nguvu ya kubadilisha hali hii upesi ni wale wanaonunua kwa makumi: halmashauri, hospitali, vyuo, SACCOS, mashirika. Zabuni zao zimeandikwa kwa lugha ya tangazo la dukani, "RAM 8GB, diski 500GB", na muuzaji huleta hicho hicho. Waongeze mstari mmoja: RAM iwe ya ECC, na prosesa pamoja na mazabodi viwe vinaitumia. Siku ya kupokea mzigo, mkaguzi achague mashine yoyote, aiwashe kwa fleshi yenye MemTest86 na asome kwenye skrini kama ECC imewashwa. Isipokuwa imewashwa, mzigo urudi kwa aliyeuleta.